Chupa ya Sukari na Panya Aliyepoteza Hamu

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Leo nazungumzia namna tunavyotumia panya kuchunguza sonona, ugonjwa wa akili wa huzuni nzito na kupoteza raha. Naomba nianze na chupa mbili.

Zinafungwa kwenye kizimba cha panya mmoja. Moja ina maji matupu, nyingine ina maji yenye sukari kidogo sana, kama gramu 1 kwa mililita 100. Tunazipima kwenye mizani kabla, tunazipima tena baadaye, na tunazibadilisha upande, asije akanywa ya kushoto kwa sababu tu amezoea kushoto. Panya mzima wa afya huikimbilia ya sukari. Ile nyingine anaionja tu.

Sasa msumbue. Usimuumize, mletee kero ndogondogo asizoweza kuzitarajia. Leo kizimba kinainamishwa. Kesho maranda yanamwagiwa maji, alale kwenye unyevu. Siku nyingine taa haizimwi usiku kucha, au analetewa mgeni asiyemjua. Ukiendelea hivi wiki kadhaa, kisha ukarudi kwenye mizani, unakuta chupa ya sukari haijapungua kama zamani. Sukari ni ileile, ila haimvuti tena. Mtafiti Paul Willner na wenzake waliueleza utaratibu huu Uingereza mwaka 1987, wakijenga juu ya kazi ya Richard Katz wa Marekani.

Aliyewahi kuuguza mtu mwenye sonona ataitambua hali hii. Chakula alichokipenda kipo mezani, wajukuu wanacheza miguuni pake, naye hakuna kinachomgusa. Na ukimpa panya huyu desipramini, dawa ya sonona, kila siku, hamu haimrudii kesho yake. Inarudi polepole, katika wiki mbili hadi nne. Wagonjwa wetu nao tunawasihi wasitupe vidonge wiki ya kwanza, kwa sababu hiyohiyo.

Linganisheni na jaribio linalojulikana zaidi, la kuogelesha, alilolitangaza mtafiti Roger Porsolt huko Ufaransa mwaka 1977. Panya anatiwa kwenye silinda ya maji isiyo na pa kushika. Anapigapiga, anaparua ukuta, kisha anatulia na kuelea, akijitikisa kiasi cha kuweka pua juu ya maji. Mtafiti anahesabu sekunde za kutulia. Dawa ikizipunguza, inahesabiwa kuwa huenda inatibu sonona. Ni jaribio la haraka, na limechuja dawa nyingi. Lakini tafadhali, panya anayeelea tusimwite mgonjwa. Huenda amejifunza tu kwamba kuhangaika kunamchosha bure, na huo ni werevu. Tena desipramini ileile humbadilisha ndani ya saa 24, wakati binadamu anangoja wiki. Mimi nashindwa kuamini kwamba kuelea kwa panya na sonona ya binadamu ni ugonjwa mmoja.

Panya hawezi kutuambia kwamba anajiona hana thamani, wala kwamba amechoka kuishi. Tunachoweza kushika ni uzi mmoja wa ugonjwa, na uzi wa kupotea kwa raha ndio ninaouamini zaidi.

Kuna jaribio la tatu ambalo linanikosesha usingizi. Panya dume mdogo anawekwa kila siku, kwa dakika chache, na dume mkubwa mkali anayemshambulia. Muda uliobaki wanatenganishwa na ukuta wenye matundu, wakionana na kunusana. Baada ya siku 10, wengi wa panya hao wadogo wanawakwepa panya wengine. Wengine, ndugu zao wanaokaribia kufanana nao kabisa kinasaba, wanaendelea kuwasogelea wenzao kana kwamba hakuna kilichotokea. Timu ya Eric Nestler, mtafiti wa ubongo wa Marekani, ilichapisha matokeo hayo mwaka 2007, na tangu hapo watafiti hawaulizi tu nini kimeharibika kwa aliyeanguka, bali ubongo wa aliyesimama umefanya kazi gani.

Ila dume mkali kwa kawaida hamshambulii jike. Kwa hiyo kazi hii kwa miaka mingi imefanywa kwa madume, ilhali kwa binadamu sonona huwapata wanawake karibu mara mbili ya wanaume.