Kwa nini mota ya swingi ya AC inakufa: tunafungua moja iliyotoka Kyela

Sikiliza kwanza, picha baadaye. Ka-ka-ka-ka-ka. Dogo, sogeza simu karibu. Ka-ka-ka-ka. Umesikia? Sauti hiyo ilimhamisha mgeni chumba saa nane za usiku huko Kyela, na asubuhi mama mwenye nyumba ya wageni akanipigia: "Fundi, hii AC yako inatafuna mifupa."

Habari zenu jamani. Wa Kyela na Tukuyu, mugonile. Tuko karakana, Mwanjelwa, Mbeya. Najua wapo wanaocheka: fundi AC Mbeya, mji ambao mwezi wa saba tunalala na blanketi mbili? Ni kweli, hapa juu ningekufa njaa. Kazi yangu iko bondeni. Mbeya tuko mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari. Kyela kule ziwani ni kama mita 500 tu. Unapanda kosta Uyole umevaa koti, ukiipita Tukuyu unalivua, ukifika Kyela unatamani uvue na ngozi. Joto la kule lina maji ndani yake, na hayo maji ndiyo mada yetu leo.

Swingi ni hili bapa jembamba hapa chini, pale upepo unapotokea, linalopanda na kushuka. Linaendeshwa na kamota kadogo kalikojificha huku pembeni. Watu wanakuja wananiambia fundi, mota imeungua, nipe nyingine. Nawauzia, maana nauza, elfu 15,000 kwa hizi za kawaida... sema 15,000, dogo usikate hapo, waache wacheke. Lakini ukifunga mpya bila kujua ya kwanza ilikufaje, baada ya miezi michache utarudi. Mimi nitafurahi, wewe utanuna.

Haya. Umeme umezimwa ukutani, plagi imechomolewa. Kava sikufundishi kulifungua: skrubu chini, vibanio juu, vuta. Chujio toa, kaoshe.

Sasa taratibu. Taratibu kabisa. Kutoa swingi. Ina sehemu tatu zinazoishika: kushoto kuna kipini, kulia kuna mota, na katikati kuna kibanio. Unaanza katikati. Katikati kwanza. Unabonyeza kibanio, bapa linaachia, unalikunja kidogo kama upinde, unatoa upande wa kipini, halafu ndiyo unalichomoa kwenye mota. Hivi... na hivi... limetoka. Umeona?

Dogo, hebu tuone. Aa. Umenirekodi mgongo! Dakika nzima mgongo na shati langu la jana.

Sawa, narudisha, natoa tena. Si mbaya, maana hapa ndipo nilipowahi kuumbuka. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilianza upande wa mota, nikavuta, ikalia "tak". Kile kisikio cha plastiki kinachoingia kwenye ekseli kikabaki ndani ya mota. Bapa la modeli ile halikuuzwa peke yake, nikanunua AC nzima ya mtumba ili nipate kipande cha plastiki cha sentimita 80. Mshahara wa mwezi huo uliishia hapo. Kwa hiyo: katikati kwanza. Bonyeza, kunja, kipini, mota mwisho. Hata AC ikiwa ya shemeji yako na yuko nyuma yako anakuharakisha, katikati kwanza.

Njoo karibu na hiki kipini sasa. Washa tochi. Unaona hii rangi ya machungwa? Nilipoifungua mara ya kwanza nilidhani ni kutu, ila plastiki haina kutu. Nusa. Mawese! Mtu ameona swingi inakwama, ameingia jikoni, amechovya kijiti kwenye mawese, amepaka. Kyela michikichi ipo ya kutosha, sikatai, na mimi mwenyewe maharage bila mawese siyaelewi. Lakini fikiria. Chumbani kuna nyuzi 30, mawese ni laini, swingi inacheza vizuri, aliyepaka anajisifu. Anawasha AC, upepo unatoka una nyuzi 12 au 14. Mawese yanafanya nini kwenye baridi? Yanaganda. Tazama hapa, kwa baridi hii ya Mbeya yameshakuwa kama nta. Ndiyo maana mama alisema inaanza vizuri, ikishapoa chumba inaanza kutafuna.

Mawese yalikuja baadaye lakini. Nafuta kwa kitambaa na maji ya sabuni, chini yake kuna kitu cheusi. Hicho ndicho cha kwanza. Hilo ni tope.

Tope limefikaje kwenye AC iliyo juu ukutani? Hewa yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80 ikigusa kitu chochote chenye nyuzi 26 kushuka, inaacha maji. Soda ya baridi ukiiweka mezani pale stendi ya Kyela, kabla hujapata kifungulio meza imelowa. Swingi inapigwa na upepo wa nyuzi 12 upande mmoja, na upande wa pili inaguswa na hewa ya chumba. Lazima itoke jasho. Jasho linatiririka mpaka kwenye vipini, linakutana na vumbi, tope. Ukizima AC, tope linakauka linakuwa saruji. Kesho tena. Hapa Mbeya msimu wa baridi hewa yenyewe ni ya ubaridi, na AC huwashi, kwa hiyo hilo jasho hulioni.

Kwa mota sasa. Skrubu mbili, inatoka. Plagi yake kwenye bodi, ule ubao wa saketi unaoiongoza AC, shika kichwa cha plastiki, usivute nyaya.

Multimita, hiki kipimo cha umeme, iweke kwenye ohm, ipime ukinzani. Nyaya tano: mmoja wa pamoja, mara nyingi mwekundu ila usiapie rangi, na minne ya koili, yaani waya mwembamba uliozungushwa ndani ya mota. Weka ncha moja kwenye wa pamoja, nyingine pitisha kwenye ile minne. 262. 263. 262. Na huu... 400. 900. 310. Imepotea. Imerudi. Namba inacheza ngoma.

Fundi mwingine hapa anasema koili imekatika, tupa. Ngoja. Tazama pini ya huo waya ndani ya plagi. Kijani. Maji, vumbi na umeme vikikutana kwenye shaba, shaba inaliwa. Napangusa kwa brashi ya meno na spiriti kidogo. Napima tena. 262. Imetulia. Kwako inaweza kusoma namba nyingine kabisa, kuna mota za volti 5 zinazosoma kama 50. Tazama kama zote nne zinalingana, namba yenyewe isikusumbue.

Kwa hiyo koili nzima, na mota bado inatafuna. Tunaipasua. Hivi vikucha vinne pembeni inua kwa bisibisi bapa, polepole, gia zisiruke. Zimeruka. Dogo, iko chini ya benchi, ile nyeupe. Asante.

Hapa ndani rota, kile kiini kinachozunguka, inazunguka mara 64 hivi ili ekseli izunguke mara moja tu. Ndiyo inavyopata nguvu ikiwa ndogo namna hii. Leta kamera kwenye hii gia. Upande huu meno yamesimama. Geuza. Huku yamelala, yamekuwa laini kama fizi za babu.

Huwa nabishana na wenzangu kuhusu hili neno "imeungua kwa kukwama". Feni ikikwama inaungua, kweli. Mota hii haiko hivyo, hii inakwenda hatua kwa hatua kwa amri ya bodi. Umeme inaokula ikizunguka na inaokula ikikwama ni ule ule, kwa sababu kiasi chake kinaamuliwa na koili, zile ohm tulizopima. Na bodi haijui kama swingi imefika. Inatuma hatua zake, inahesabu kichwani, inaamini. Swingi imeganda, bodi inaendelea kusukuma, na gia ya plastiki ndiyo inayolipa. Ka-ka-ka.

Halafu kuna wageni wa gesti. Rimoti imepotea, mtu anasukuma swingi kwa mkono. Ukisukuma unazungusha zile gia kinyumenyume, mara 64. Jino halivumilii. Usisukume kwa mkono.

Mota mpya. Soma maandishi mgongoni: volti 12 kwa volti 12, usichanganye. Pima ekseli, ina pande mbili bapa, urefu ulingane. Plagi ilingane. Kama mpangilio wa nyaya ni tofauti, itatetemeka bila kwenda, usinipigie simu usiku.

Grisi. Mimi napaka ya silikoni, kiasi cha punje ya mtama kwenye kila kipini, basi. Sipaki grisi ya magari, nyingine zinapasua plastiki. Sipaki mawese. Mafuta ya alizeti, ndugu zangu wa Iringa nawaona mnavyonyoosha mikono, nayo hapana. Yanakamata vumbi.

Kurudisha ni kinyume: mota, kipini, katikati mwisho. Ila kabla ya hayo yote, lichezeshe bapa kwenye kipini likiwa bado halijaingia kwenye mota. Lianguke lenyewe. Likisita, rudi ukasafishe. Na hapo nilip...

Umeme umekata. Safi. Dogo, washa tochi ya simu yako, hii yangu inarekodi.

Basi tukiwa tunasubiri nimwambie mama, maana najua anaangalia. Mama, shikamoo. Mvua zikikolea usiache swingi imeelekea chini kabisa usiku kucha. Hapo ndipo inatoka jasho zaidi. Ielekeze juu kidogo, feni isiwe ya polepole sana. Mlango wa chumba ufungwe, kila ukifunguliwa unaingiza maji mapya. Chujio lioshwe kila wiki mbili, likiziba upepo unapungua, na upepo ukipungua unazidi kuwa wa baridi, jasho linaongezeka. Na yule kijana wa mapokezi, mwambie mawese yabaki jikoni. Simtaji.

Dogo, chai imebaki? ... Haya, umerudi.

Naweka plagi. Kaa kimya. Ka-ka. Subiri, usiogope, hiyo ni mbili tatu tu mwanzoni: bodi inaifunga swingi mpaka mwisho ili ijue pa kuanzia kuhesabu. Sasa rimoti. Inapanda... inashuka... hakuna sauti. Weka sikio. Hakuna kitu.

Niiache dakika kumi nione kama itabadilika, wewe tafuta boksi na kamba. Kosta ya Kyela inaondoka saa nane na ile ya mwisho hujaa mchele hadi mlangoni.