Betri Imekufa, Gemu Haiuzwi: Tunakili au Tunaacha?

SALIM: Tumerudi. Mwanaidi, usianze.

MWANAIDI: Sijasema neno.

SALIM: Unacheka. Wasikilizaji, huyu anacheka tangu tulipowasha maikrofoni.

MWANAIDI: Nacheka kwa sababu najua ulichokuja nacho leo, na najua sehemu utakayoiruka. Haya, simulia. Yote.

SALIM: Wiki hii nilifungua lile boksi la kaseti za gemu. Mnalijua, lile ambalo Mwanaidi haruhusiwi kuligusa. Nikatoa gemu moja ndefu, ya safari, ile unayotembea ulimwengu mzima ukikusanya wenzako njiani. Nikachomeka, ikawaka, muziki ukapiga. Nafika kwenye menyu, hakuna "endelea". Kuna "anza upya" peke yake.

MWANAIDI: Hapo nilikupa pole, na pole yenyewe ilitoka moyoni.

SALIM: Ulinipa. Ni betri. Kaseti nyingi za zamani zina betri ndogo ya duara ndani. Gemu yenyewe imeandikwa kwenye chipu ambayo haifutiki, lakini ukisevu, safari yako inakaa kwenye kumbukumbu inayodai umeme muda wote. Betri ikifa, safari imekwenda. Na zile kaseti zenye saa ndani, zinazojua usiku na mchana, betri yake huwahi kufa. Basi nikaingia kwenye kompyuta, nikawasha emuleta, ile programu ya kuchezea gemu za zamani kwenye kompyuta, nikaicheza upya mpaka nikaimaliza. Ndiyo mada ya leo: ni halali au si halali? Nimeandika mambo matatu ya msikilizaji kuondoka nayo, na leo tunayamaliza yote.

MWANAIDI: Ameruka. Salim, romu, lile faili lenye gemu, uliipata wapi?

SALIM: Niliipakua.

MWANAIDI: Kaseti unayo mkononi, halafu ukapakua nakala ya mtu mwingine.

SALIM: Gemu ni ileile, data ni ileile, na kaseti nimeinunua. Hakuna aliyepoteza hata senti.

MWANAIDI: Tutarudi hapo. Kwanza tuondoe lile linalowachanganya watu, maana wengi wanadhani emuleta yenyewe ni wizi. Si wizi. Emuleta ni programu inayoigiza mashine. Kampuni ya Connectix ilitengeneza programu ya kuchezea gemu za PlayStation kwenye kompyuta za Mac mwaka 1999, Sony wakawapeleka mahakamani, na mwaka 2000 mahakama ya rufaa ya Marekani ikasema kuichunguza mashine ili utengeneze yako inayofanana nayo ni matumizi ya haki. Bleem, kampuni nyingine ya emuleta ya PlayStation, nao walishtakiwa na Sony, wakashinda.

SALIM: Wakashinda, na 2001 wakafunga kampuni kwa sababu gharama za kesi zilishawamaliza. Hiyo sehemu mimi huwa siisahau. Unaweza kuwa na haki na bado ukafilisika.

MWANAIDI: Kweli kabisa. Na kwa upande wa pili, Yuzu, emuleta ya Switch, mashine ya Nintendo.

SALIM: Yuzu sitawatetea. Switch ilikuwa bado inauzwa, gemu zake ziko dukani.

MWANAIDI: Februari 2024 Nintendo wakawashtaki, Machi wakakubali kulipa dola milioni 2.4 na kufunga. Hapo mimi na wewe hatugombani. Sasa, umesema umeimaliza.

SALIM: Nimeimaliza.

MWANAIDI: Bosi wa mwisho ulimpiga?

SALIM: Nilimpiga.

MWANAIDI: Ulirudisha nyuma au hukurudisha?

SALIM: Mwanaidi...

MWANAIDI: Wasikilizaji, emuleta ina kitufe. Ukifa, unakibonyeza, muda unarudi nyuma, unajaribu tena kana kwamba hukufa. Au unasevu katikati ya pambano, pumzi hii kabla ya pigo. Namuuliza ndugu yangu: ulirudisha?

SALIM: Nilirudisha. Na ninasema kwa kinywa kipana kwamba nimeimaliza. Mimi ni mtu mzima, nina kazi, sina zile saa za utotoni za kurudia levo nzima kwa sababu nilikosea kuruka mara moja. Hadithi nimeiona mpaka mwisho, kila mji nimeuingia.

MWANAIDI: Umeiona. Hujaimaliza. Aliyeitunga aliweka hofu pale kwa makusudi. Ile mikono kutoa jasho ukiwa na uhai kidogo na sehemu ya kusevu iko mbali, hiyo ndiyo gemu. Ukiiondoa hofu, umebaki na picha zake.

SALIM: Basi kwa hesabu hiyo hakuna mtu anayecheza gemu ya zamani leo. Chukua Space Invaders, 1978. Wale wavamizi wanaongeza mbio kadiri unavyowaua, na kila mtu anadhani ni ufundi wa mtunzi. Asili yake ni mashine kulemewa. Wakiwa wengi, inachelewa kuwachora. Wakipungua, inapata nafuu, wanakimbia. Tomohiro Nishikado akaona inanoga, akaiacha. Sasa kompyuta ya leo ingewachora wote kufumba na kufumbua, kwa hiyo emuleta inalazimika kuigiza hata ule uchovu. Uchovu wa bandia! Na bado tunasema tumecheza Space Invaders.

MWANAIDI: Na ni sawa, kwa sababu walioandika emuleta nzuri wamehangaika miaka kuhakikisha uchovu ule ni uleule. Ndiyo heshima ninayoitaka. MAME, emuleta ya mashine za gemu za kumbini, imeanza 1997, na lengo lao lililoandikwa ni kuweka kumbukumbu ya jinsi mashine zilivyofanya kazi. Kucheza kunakuja kama faida ya pembeni. Watu wale nawavulia kofia. Lakini kitufe cha kurudisha nyuma hakikuwa kwenye mashine.

SALIM: Na televisheni ya chogo je? Duck Hunt, ile gemu ya kuwinda bata kwa bunduki ya kuelekeza kwenye skrini. Ukivuta kifyatuo, skrini inakuwa nyeusi kwa nukta ya sekunde, kisha pale alipo bata panawaka kisanduku cheupe, na bunduki ina jicho linaloangalia: limeona mwanga au halikuona? Hiyo inategemea namna skrini ya chogo ilivyochora picha, mstari kwa mstari, papo hapo. Televisheni bapa inachelewa kidogo tu, na bata hafi maisha.

MWANAIDI: Au maporomoko ya maji kwenye Sonic ya kwanza, 1991.

SALIM: Sema hayo! Sema!

MWANAIDI: Mashine ilikuwa haina njia ya kuchora maji unayoweza kuona ng'ambo yake. Wachoraji wakachora mistari ya wima, mmoja wa maji, mmoja mtupu, mmoja wa maji, mmoja mtupu, wakijua ile waya ya picha na televisheni ya nyumbani vitaichanganya mistari hiyo ionekane maji kweli. Ukiitazama leo kwenye skrini kali unaona fito, kama mkeka uliofumuka. Kila nikiziona fito zile nasikia uchungu, maana mtu alikaa akazipima kwa jicho lake na kifaa cha wakati wake.

SALIM: Kwa hiyo hata wewe unacheza kitu kilichopungua.

MWANAIDI: Nacheza kilichopungua na najua kimepungua wapi. Naweka kichujio cha skrini ya chogo, napunguza ucheleweshaji wa pedi. Wewe unapunguza kwa hiari, halafu unamtangazia kila mtu kwamba umemaliza.

SALIM: Nimemaliza.

MWANAIDI: Umerudisha nyuma.

SALIM: Na nikamaliza! Turudi kwenye mada, saa inakwenda. Nina hoja moja, nayo ni nzito. Mwaka 2023 Video Game History Foundation wakishirikiana na Software Preservation Network walitoa utafiti kuhusu gemu zilizotoka Marekani kabla ya 2010. Asilimia 87 haziuzwi tena kwa njia yoyote ya kawaida. Themanini na saba! Mwaka huohuo, tarehe 27 Machi, maduka ya mtandaoni ya Wii U na 3DS, mashine za Nintendo, yakafungwa, na gemu nyingine zilikuwa zinapatikana humo tu. Sasa mtu anataka kucheza gemu ya aina hiyo. Haiuzwi. Akinunua kaseti iliyotumika, fedha inakwenda kwa muuzaji wa mitumba, mtunzi hapati kitu. Akipakua, mtunzi hapati kitu vilevile. Niambie aliyeumia ni nani.

MWANAIDI: Aliyenyimwa kauli. Kutouza pia ni haki ya mwenye mali. Anaweza kuwa anaandaa toleo jipya, anaweza kuwa amekwama na mkataba wa muziki uliomo ndani, anaweza tu kuwa hataki. Wewe umeamua kwa niaba yake kwamba amekitupa. Hajakitupa.

SALIM: Hakimiliki ya gemu ya kampuni kule Marekani ni miaka 95 tangu itoke. Super Mario Bros. ni ya 1985. Inalindwa mpaka mwisho wa 2080. Hiyo inauzwa, sawa, ina mwenyewe anayeitunza. Lakini gemu ya kampuni iliyokufa, kaseti zake zinaoza, diski zake zinaliwa na kutu, itafika vipi 2080 kama hakuna aliyevunja utaratibu akainakili leo? Hata wenyewe wanapoteza. Square Enix walipotaka kuitoa upya Kingdom Hearts ya kwanza, msimbo wa asili ulikuwa umepotea, ikabidi wautengeneze upya. Kampuni kubwa kiasi kile!

MWANAIDI: Nakubali zinapotea, na inaniuma kuliko unavyodhani. Ndiyo maana nataka maktaba na makavazi wapewe ruhusa waifanye kazi hiyo.

SALIM: Waliomba! Waliomba wawape watafiti gemu za zamani kwa mbali, bila kuwalazimisha kusafiri mpaka ndani ya jengo. Oktoba 2024 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ikakataa. Wametumia njia ya heshima, wakafungiwa. Halafu unaniambia mimi nisubiri.

MWANAIDI: Ninakwambia kukataliwa kwao hakukupi wewe ruhusa. Mtafiti anayehifadhi ni mmoja. Watu wanaopakua furushi la gemu elfu nzima, wakacheza mbili, hao hawahifadhi chochote, wanajificha nyuma ya yule mtafiti. Na kila wanapojificha wanampa mwenye kampuni sababu ya kumkatalia yule mtafiti mwakani.

SALIM: Lakini wale wanaonakili hovyo ndio walioziokoa. PlayStation Classic ya 2018, mashine rasmi kabisa ya Sony, ndani yake inaendeshwa na PCSX ReARMed, emuleta iliyoandikwa na watu wa kujitolea. Kazi ya wapenzi imeingia dukani!

MWANAIDI: Kwa leseni iliyo wazi, Salim. Walioiandika walisema kwa maandishi: chukueni, tumieni kwa masharti haya. Waliridhia wenyewe. Mfano wako ni hoja yangu.

SALIM: Siuoni hivyo.

MWANAIDI: Mother 3. Imetoka Japani 2006, nje ya Japani haikuuzwa. Wapenzi wakaitafsiri, 2008 wakatoa tafsiri yao. Walitoa nini? Kiraka. Faili la mabadiliko tu, bila gemu yenyewe. Gemu utafute mwenyewe. Kazi yao wakaigawa, mali ya mwingine hawakuigawa. Huo ndio mpaka ninaouzungumzia, na unawezekana.

SALIM: Na karibu kila aliyekitumia kile kiraka alipakua romu. Unajua, na mimi najua. Kama wote wangeshika mpaka wako, tafsiri ile ingesomwa na watu wachache wenye kaseti ya Kijapani na kifaa cha kuinakilia. Kazi ya miaka, isomwe na wachache.

MWANAIDI: Basi isomwe na wachache.

SALIM: Hapana. Hilo sitalikubali.

MWANAIDI: Najua. Na mimi sitakubali kwamba hamu yako ya kucheza inatosha kuwa kibali.

SALIM: Si hamu. Gemu isiyochezwa imekufa, hata kama chipu iko salama kabatini.

MWANAIDI: Na iliyochezwa kwa kurudisha nyuma?

SALIM: Iko hai, na imemalizwa! Ngoja, tuna muda gani?

MWANAIDI: Dakika moja hivi.

SALIM: Na yale mambo matatu?

MWANAIDI: Hata la kwanza hatujaligusa.

SALIM: Basi nitoe moja upesi. Kunakili kaseti yako mwenyewe: kuna kifaa cha kusomea kaseti, unakichomeka kwenye kompyuta kwa USB, kinatoa gemu na kile ulichosevu, faili mbili tofauti. Anza na ulichosevu, kwa sababu hicho ndicho kitakachotangulia kupotea, na ukitaka kubadilisha betri unakitoa kwanza, maana betri ikibanduliwa...

MWANAIDI: Sekunde.

SALIM: ...kinafutika. La pili, BIOS, programu ya ndani inayoiwasha mashine. Emuleta nyingine zinadai faili la BIOS la mashine yenyewe, na hilo lina hakimiliki yake peke yake, kwa hiyo hata mwenye gemu zake zote halali...

MWANAIDI: Salim, muda.

SALIM: Wiki ijayo tunaanza na BIOS.

MWANAIDI: Wiki ijayo tunaanza na Mother 3.

SALIM: BIOS, Mwanaidi.

MWANAIDI: Kwaherini, wapendwa.