Halmashauri iliyowaambia watu wa Uganda wasije

Ndugu zangu wa nyumbani, hamjambo? Leo nipo Charles Street, Leicester, Uingereza. Jengo hili nyuma yangu ni City Hall, makao ya halmashauri ya jiji.

Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 wawe wameondoka. Halmashauri hii ikalipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus: kwa faida yenu na ya familia zenu, msije Leicester. Siku nilipoiona picha ya tangazo lile, roho iliniuma kana kwamba mlango umefungwa usoni pangu. Watu wakaja vilevile, kwa maelfu. Juzi Belgrave Road, bibi mmoja wa Kigujarati alikuwa akinipimia bizari, mara akaniuliza kwa Kiswahili, "Mwanangu, mama hajambo?" Na kufikia 1987, Lord Mayor wa jiji hili alikuwa Mwasia, Gordhan Parmar.

Sasa msichanganye. Lord Mayor ni wa heshima: huvaa mkufu na kuongoza vikao vya baraza. Mwenye madaraka ni meya mwingine, anayepigiwa kura na wananchi wenyewe tangu 2011, na tangu hapo ni Sir Peter Soulsby wa chama cha Labour. Pamoja naye wapo madiwani 54 kutoka kata 21. Jiji lilitoka chini ya kaunti ya Leicestershire mwaka 1997, kwa hiyo shule, barabara, taka na matunzo ya wazee, yote yako hapa.

Mwaka 2019 Labour walizoa viti 53 kati ya 54. Mimi naona hiyo ni hatari, maana nani atamuuliza meya maswali? Kabla ya uchaguzi wa 2023 chama kikawaengua madiwani wake 19, wananchi wakakasirika, Labour wakabaki na 31 na chama cha Conservative kikapanda hadi 17.

Na mimi nilipiga kura siku ile. Ndiyo! Raia wa Jumuiya ya Madola anayeishi hapa kihalali anaruhusiwa, mradi amejiandikisha. Nilitoa pasipoti yangu ya Tanzania, mama wa kituoni akaikagua, akanipa karatasi. Kwenye kibanda kulikuwa na penseli imefungwa kwa kamba. Niliishika, nikalikumbuka lile tangazo, nikaweka alama yangu polepole.