Gia Ngumu na Taa ya Breki: Anzeni na Upepo

Ndugu mafundi, madereva na matingo wa Uyole, habari za mchana.

Lori kuukuu likiletwa na malalamiko mawili kwa pamoja, gia haziingii na taa ya breki kwenye dashibodi inawaka, wengi hukimbilia kushusha giaboksi. Nawaomba msiishushe bado. Kwenye malori mengi ya breki za upepo, klachi husaidiwa na upepo wa kompresa ileile ya breki, na kuhama kutoka gia za chini kwenda za juu hutegemea upepo huohuo. Giaboksi za Fuller huutumia kwa karibu psi 60 (psi ni kipimo cha presha). Taa ya breki nayo inatakiwa iwake kabla presha haijashuka chini ya psi 60. Ndiyo maana upepo ukipungua, gia na breki huugua pamoja. Fikirieni lori lenye mzigo linashuka mteremko wa Inyala, gia imegoma katikati ya kuhama, na breki nazo zinaishiwa upepo.

Kwa hiyo pimeni upepo kwanza. Lori liwe tambarare, matairi yazuiwe kwa mawe, matangi yajae mpaka kompresa iache kujaza. Zimeni injini, achieni hendibreki. Kwa dakika 1 geji isishuke zaidi ya psi 2. Likiwa na tela, psi 3. Kisha kanyageni breki mshikilie dakika 1 nyingine: psi 3 tu, na tela 4. Ikizidi hapo, pakeni maji ya sabuni kwenye maungio ya mipira, vali na vyungu vya breki.

Geji ikitulia, rudisheni hendibreki. Dereva akanyage klachi na kushikilia, utingo asikilize kwenye servo yake, kile kifaa cha upepo kinachosaidia klachi. Mlio wa upepo usiokoma maana yake mpira wa pistoni umekwisha. Halafu, injini ikiwa bado imezimwa, wekeni kiganja kwenye pumuo ya giaboksi, kile kitundu kidogo kilicho juu yake. Kikipuliza mfululizo, mpira wa pistoni inayohamisha gia unapitisha upepo ndani. Fundi asipoligundua hili atabadilisha sili za oili bila mwisho, kwa sababu upepo huo ndio unaoisukuma oili nje.

Fungueni na koki za matangi. Maji matupu ni ya kawaida kwa baridi ya Makambako na Njombe. Yatoeni kila siku. Ukitoka ute mweusi au wa rangi ya maziwa, ringi za kompresa zimechoka, na oili hiyo huharibu mipira ya vali. Servo mpya mtakayofunga haitadumu.

Upepo ukiwa mzima ndipo mgeukie klachi. Injini ikizimwa gia zinaingia laini, ikiwashwa zinakataa: klachi haiachii. Kanyageni mpaka mwisho, subirini sekunde 10, ingizeni rivasi. Ikikwaruza, ndiyo hiyo. Zikikataa hata injini ikiwa imezimwa, kagueni fimbo na bushi za kuhamishia gia kabla ya kufungua giaboksi.

Wako wanaochomoa balbu ya taa ya breki ili mteja aondoke. Huko ni kuhatarisha maisha ya watu, tuache kabisa.

Kwa malori madogo ya breki za mafuta, kama Canter, pampu ya vakyumu, inayofanya pedali ya breki iwe nyepesi, mara nyingi imefungwa nyuma ya alteneta. Taa ya breki na ya chaji zikiwaka pamoja na pedali ikawa ngumu, tazameni mkanda wa alteneta kwanza. Taa inayowaka ukishuka Kitonga na kuzimika ukifika tambarare ya Ruaha Mbuyuni ni dalili kwamba mafuta ya breki yamepungua na yanakimbilia upande mmoja wa kopo. Msiongeze tu mkafunga boneti. Yamepungua kwa sababu lainingi za breki, yaani bitana za ndani ya ngoma, zimelika au silinda inavuja. Fungueni ngoma zote nne, inueni mpira wa vumbi wa kila silinda, na palipolowa ndipo pa kuanzia kazi.