Sura ya Mwanamke, Mwili wa Kulungu

(Mhadhara kwa wachoraji vijana, Arusha)

Shikamooni wazee wangu, na ninyi wengine habari za jioni. Tangazo la mada hii lilipobandikwa ukutani, kuna waliosema haitafika Ijumaa. Imefika. Sheria ya nchi kuhusu mapenzi ya jinsia moja mnaijua, sikuja kuifundisha. Nimekuja kuzungumza rangi na maumbo: kwa nini wachoraji ambao dunia haikuchoka kuwauliza "wewe ni mwanamke wa namna gani?" waliamua kuchora viumbe ambao hawapo.

Tuanze na kipicha kidogo, karibu sawa na karatasi ya A4. Frida Kahlo, Meksiko, 1946. Kulungu yuko msituni, mishale tisa imemchoma, damu inachuruzika. Kichwa ni cha Frida mwenyewe, nyusi zile zilizoungana, macho yanakutazama bila kuomba huruma. Sasa angalieni vizuri. Kichwani kuna pembe. Teremsheni macho mpaka miguu ya nyuma: kuna korodani. Kulungu huyu ni dume.

Wengi husema picha hii inahusu maumivu ya mgongo, na ni kweli, mwaka huohuo alifanyiwa upasuaji New York. Lakini maumivu hayadai pembe. Huyu ndiye msichana aliyekaa kwenye picha ya familia mwaka 1926, iliyopigwa na baba yake, akiwa na suti ya kiume na kizibao. Aliolewa na mchoraji mwenzake Diego Rivera mara mbili, akapenda wanawake pia, na Diego alijua. Mwaka 1940 alijichora amevaa suti, nywele zake ndefu zimekatwa na kutapakaa sakafuni. Picha nzuri, ila mtazamaji mvivu anaimaliza haraka: "Aa, kajifanya mwanaume." Kulungu hamwachii nafasi hiyo. Kila ukitaka kumwita jike, pembe zinakukatalia, na ukimwita dume, ile sura inakutazama.

Leonor Fini naye alizaliwa Buenos Aires mwaka 1907, mama yake akakimbia naye mpaka Trieste. Baba akawa anataka kumnyakua, kwa hiyo mama akamvisha nguo za kivulana kila walipotoka nje. Fikirini mtoto anayejifunza mapema hivyo kwamba usichana unavuliwa na kuvaliwa, tena kwamba vazi linaweza kumwokoa. Alipokuja kuwa mchoraji Paris alijichora mara nyingi kama sfinksi, uso na kifua cha mwanamke, kiwiliwili cha simba. Wanaume wake, aghalabu, wamelala uchi. Wanawake wako macho, wanawalinda. Karne na karne wachoraji wa Ulaya walimlaza mwanamke ili mwanaume atazame, Fini akageuza kitanda. Mnacheka, chekeni. Hata wale wasurrealisti, wasanii waliochora mambo kama ya ndotoni, walipomtaka, alionyesha kazi pamoja nao lakini akakataa kujiunga. André Breton, kiongozi wao, pamoja na amri zake, Fini hakumtaka.

Naona mzee mmoja ameshanyoosha mkono, na swali nalijua. Hayo si mambo ya Wazungu? Mzee wangu, pale Barabara ya Dodoma, kwenye Kituo cha Urithi wa Utamaduni, kuna vinyago vya mashetani ya Kimakonde. Viungo vimeingiliana hata huwezi kuapa kama huyu ni mume au mke. George Lilanga wa Masasi akawapaka rangi, masikio makubwa, vidole viwili vitatu. Tunawapita kila siku na hakuna anayewadai kitambulisho. Sisemi Wamakonde walichonga kuhusu mapenzi ya jinsia moja, hapo nitakuwa nawasingizia. Nasema jicho letu limeshazoea mwili usiotoa maelezo.

Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, alifungua maonyesho London mwaka 2014 akayapa jina la Kiswahili: Nguva na Nyoka. Waingereza wakalazimika kulitamka. Wanawake wake wamechanganyika na wanyama, mimea, hata mashine, na hakuna hata mmoja anayeonekana kuona haya.

Hapa mjini ukichora twiga mbele ya Kilimanjaro unauza kabla rangi haijakauka. Siwalaumu, kodi yangu ya nyumba nayo inalipwa na twiga. Ila kumbukeni Edward Tingatinga alianza Dar es Salaam mwaka 1968 kwenye hadibodi, kwa rangi za baiskeli. Kulungu wa Frida naye amechorwa kwenye hadibodi. Kwa hiyo msiniambie vifaa hatuna.

Vipande nimeshavikata, viko meza ya nyuma na rangi zake. Zoezi la leo: uso uwe wako, mwili usiwe wako. Anayetaka kunionyesha atanionyesha, asiyetaka ageuzie kazi yake ukutani, sitauliza. Haya, mzee, swali lako.