Wimbo Uliovuka Mstari wa Vita

(Mhadhara uliotolewa Tabora)

Wazee wangu, mwangaluka. Walimu na vijana, asanteni kwa kujaa ukumbini asubuhi hii.

Nimekuja na wimbo wa Kijerumani, na wapo watakaouliza: wa nini kwetu, sisi ambao babu zetu walibebeshwa mizigo na risasi za Wajerumani? Nivumilieni. Natafuta kwa nini wimbo mmoja wa vita hubaki midomoni mwa watu na mwingine hufa bunduki zinaponyamaza, na sijaona mfano ulio wazi kuliko "Lili Marleen".

Maneno yake yaliandikwa na Hans Leip mwaka 1915, askari kijana aliyekuwa Berlin akisubiri kupelekwa kupigana na Warusi. Norbert Schultze aliyatilia muziki mwaka 1938, na Lale Andersen akaurekodi mwaka uliofuata. Santuri haikuuzika. Lakini mwaka 1941 Wajerumani waliiteka Belgrade, wakaanzisha redio ya askari iliyosikika mbali sana, na santuri za kupiga zilikuwa chache. Hii ilikuwamo. Barua za askari zikamiminika, ikawa desturi: kila usiku, saa nne kasoro dakika tatu, inapigwa. Jangwani Libya askari wa Rommel, jenerali wa Wajerumani, waliisikiliza, na ng'ambo ya pili Waingereza wa Jeshi la Nane nao wakaifungulia redio zao.

Sikilizeni ulivyo. Unaanza na tarumbeta ya kambini, ile inayowaita askari warudi kulala. Halafu inaingia sauti ya mwanamke, ingawa anayesema katika shairi ni mwanamume: askari getini mwa kambi, chini ya taa, anaagana na mpenzi wake. Akichelewa kuingia, adhabu yake siku tatu. Adui hatajwi. Ushindi hautajwi. Ubeti wa mwisho anasema atainuka kutoka ardhini, na ukungu wa usiku ukitanda atasimama tena pale penye taa. Huyo ni marehemu anazungumza! Goebbels, waziri wa propaganda wa Hitler, aliuchukia, na sishangai. Wimbo kama huu haumpandishi mtu hasira ya kuua. Unamrudisha nyumbani.

Ndiyo maana uliweza kuvuka. Mwaka 1944 Waingereza wakawa na maneno yao wenyewe, na Marlene Dietrich, mzaliwa wa Berlin aliyechukua uraia wa Marekani, akawaimbia askari wa Marekani. Lakini kinachonigusa zaidi ni askari wa Uingereza waliokuwa wakipigana Italia. Walisikia wanasemwa kuwa ni wakwepaji, eti kwa sababu hawakuwamo katika majeshi yaliyotua Normandy, pwani ya Ufaransa, mwaka 1944. Wakachukua mahadhi yaleyale ya Kijerumani, wakatunga ya kwao ya kujibu, wakataja mapigano waliyopitia na makaburi ya wenzao. Wimbo wa redio ya adui ndio uliowasemea.

Turudi kwetu. Katika vita vya kwanza vya dunia, Kigoma ilichukuliwa na jeshi la Wabelgiji Julai 1916, Tabora ikafuata Septemba. Katika vita vya pili, askari wa Keya (KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki) walifika hadi Burma. Wimbo wao, "Tufunge safari", mnaujua: mmoja anauliza "amri ya nani?", wengine wanaitikia kuwa ni ya Bwana Kapteni, ni ya Keya. Nao hauna adui ndani yake. Una safari, una swali, na mtoto anaweza kuuimba shambani bila kujua Burma iko upande gani. Jibu linaweza kubadilishwa kwa kila zama, swali likabaki palepale. Mimi naamini hapo ndipo penye uhai wake.

Ninachosikitikia ni nyimbo za wanawake waliobaki wakilima peke yao. Hizo hakuna redio iliyozipiga. Vijana, simu zenu zinarekodi. Mkienda likizo Sikonge, Urambo au Nzega, muulizeni bibi kabla ya babu: mama yake aliimba nini wanaume walipochukuliwa? Andikeni maneno yote, na pale anaposahau acheni nafasi, msimjazie. Andikeni pia kazi iliyokuwa ikiendana na wimbo, kama ni kutwanga, kama ni kupalilia.

Mimi nipo hapa mpaka saa saba. Mwenye wimbo tayari, aje tuanze naye.