Jinsi ya kupiga matuta ya urembo kwenye bati la mlango wa gari

Mwangaluka wadau, karibuni tena gereji, hapa Nyakato, Mwanza. Leo hatupigi rangi na hatunyooshi gari lililogongwa. Tunachukua bati plani, tunalipitisha kwenye mashine ya rola mpaka linatoka na mistari iliyonyanyuka, yaani matuta, kisha tunalifunga ndani ya mlango wa kulia wa Land Cruiser hardtop ya zamani. Kava lake la mwanzo limeoza, na mwenye gari hataki plastiki. Anataka bati, lionekane ni bati. Mchoro ni nyaya za daraja: nguzo moja imesimama, nyaya zinashuka huku na huku. Mtu wa kanda hii akiuona anajua ni daraja la Kigongo–Busisi.

Mashine yenyewe mnaiona hapa. Shafti mbili zimelala, moja juu ya nyingine, zimeunganishwa kwa gia nyuma, na mbele kila shafti imevaa rola yake. Ya juu ni dume, imevimba katikati. Ya chini ni jike, ina mfereji. Bati likipita katikati, dume linalisukuma ndani ya mfereji wa jike. Hapa juu kuna skrubu ya kukaza, nyuma kuna mkono wa kuzungusha. Zipo zenye mota na pedeli ya mguu, ni nzuri, lakini ya mkono haijali umeme ukikatika, na anayejifunza aanze na hii. Inampa muda wa kufikiri.

Sasa sikilizeni, maana kazi nyingi zinaharibika hapa kabla hata mkono haujazungushwa. Tuta linakula bati. Chukua tuta la nusu duara lenye upana wa milimita 10. Ukilipima kwa kufuata mgongo wake, kupanda na kushuka, unapata kama milimita 15.7. Hizo milimita 5 na ushee zimetoka wapi? Sehemu imetoka kwa bati kutanuka pale pale kwenye rola, na sehemu imevutwa kutoka pembeni. Tuta linalokwenda kutoka ukingo hadi ukingo halina shida kubwa, bati linasogea ndani kwa usawa. Balaa ni tuta linaloishia katikati ya bati. Kwenye tuta bati limevutwa, mbele ya ncha halijavutwa, basi pale kwenye ncha linajikunja, linapata tumbo, ukilibonyeza linapiga "tok" na kurudi. Na mchoro wetu wa nyaya una ncha kila mahali! Ndiyo maana nimeuchagua, tuone namna ya kuudhibiti.

Tuanze na bati. Hili ni geji 20, unene wake ni kama milimita 0.9. Geji 18, ambayo ni kama milimita 1.2, inafaa sakafu ya gari, ila kwa mkono itakutoa jasho na fremu ya mashine ndogo itaanza kufunguka. Nunua bati laini la chuma lisilo na zinki. Mabati ya kuezekea usiyaguse kwa kazi hii: mengi yametengenezwa magumu makusudi, yanarudi nyuma kila ukiyakunja, na ukilazimisha kona yanapasuka. Bati lenye zinki linapigika kama chuma chake ni laini, lakini ukitaka kulichomelea ondoa zinki kwanza kwa msasa au grenda, ufanye kazi hiyo nje penye upepo. Ule moshi mweupe wa zinki ikiungua unaleta homa.

Hatua inayofuata ni manila. Usichore moja kwa moja kwenye bati. Pima mlango, kata manila, ipachike mlangoni kwa tepu, weka alama za kitasa, mkono wa kioo na matundu ya skrubu. Halafu ndipo uchore. Nguzo yangu naiweka theluthi ya upana, karibu na bawaba, ili nyaya za nyuma ziwe ndefu na za mbele fupi. Kila upande una nyaya tatu.

Angalia hapa juu ya nguzo. Mkono wako utataka kuzikutanisha nyaya zote kwenye pointi moja, kwa sababu kwenye karatasi inapendeza. Usifanye hivyo. Matuta matatu yakikutana sehemu moja, kila moja linavuta bati lile lile, na hakuna bati la kuwatosha wote. Mimi natawanya: kila waya una kimo chake kwenye nguzo, na unaishia sentimita 3 kabla ya kuigusa. Jicho la mtu litaunga lenyewe. Kati ya tuta na tuta pia siruhusu pungufu ya sentimita 3. Chini, nyaya zinaishia sentimita mbili na nusu kabla ya mstari wa kukunja ukingo, kwa sababu ukingo hautakunjika vizuri juu ya tuta.

Kuna wateja wanaokuja na picha ya Jiwe la Bismarck, ule mwamba wa ziwani hapa Mwanza, au sangara mwenye magamba yote. Mwambie ukweli mapema. Rola ni duara nene, haiwezi kugeuka ghafla. Kona yenye nusu kipenyo cha sentimita 5 unaipita kwa raha, ya sentimita mbili na nusu unaipita kwa kuomba, chini ya hapo unahitaji rola nyembamba au kazi ya nyundo. Sangara mchore kwa mistari minne mirefu, atatambulika.

Jambo jingine ambalo wengi hawalitegemei: dume liko juu, kwa hiyo tuta linatokeza upande wa chini. Maana yake unachora mgongoni mwa bati, na mbele mchoro utaonekana umegeuka. Kwa mistari unaweza usigundue mpaka unapofunga mlangoni na nyaya ndefu zimeelekea bawaba. Kwa maandishi ndiyo kabisa, jina la mteja litasomeka kinyume. Basi toboa manila mwanzo na mwisho wa kila mstari, igeuze, upande uliochora uangalie bati, halafu piga alama kwenye matundu hayo kwa senta panchi, kile chuma chenye ncha, kidogo tu. Unganisha kwa rula na maka peni yenye ncha nyembamba. Mstari mnene ni mstari usiojua unaufuata ukingo upi.

Tunakata. Ongeza sentimita 2 kila upande, maana bati litasinyaa, utapunguza mwisho. Piga tupa kingo zote. Mikono yako itapita hapa mara nyingi, na bati lililotoka kwenye mkasi linakata kama wembe. Glovu vaa, lakini ziwe za kubana. Ukitumia mashine ya mota, glovu pana na mikono ya shati inayoning'inia ni hatari, rola haichagui.

Sasa mashine. Hakikisha dume limekaa katikati kabisa ya mfereji wa jike. Likiegemea upande mmoja litakata bati badala ya kulikunja. Pande zote mbili ziache nafasi inayotosha unene wa bati. Halafu chukua kipande cha bati hili hili, siyo la jana, siyo la jirani, upitishe tuta moja la majaribio. Angalia mambo mawili: tuta lina mabega sawa? Na fremu inafunguka unapokaza? Ukiona rola zinaachana mdomo, fremu ni dhaifu, ichomelee mbavu kwa juu kabla hujaendelea. Mashine nyingi za bei ndogo zinahitaji huduma hiyo zikiwa bado mpya.

Kabla ya kupiga, kuna kazi ya hiari ambayo mimi siiruki. Natanua bati kwenye njia ya tuta. Kama una gurudumu la kutanulia bati, pitisha kila mstari mara chache kwa presha ndogo. Kama huna, weka bati juu ya mfuko wa mchanga, ufuate mstari kwa nyundo yenye uso wa mviringo, mapigo mepesi yanayofuatana. Bati litaonekana limeharibika, lina mawimbi. Usiogope. Hilo ni bati la akiba, rola itakuja kulichukua, na pembeni hapatavutwa sana. Zingatia zaidi ncha.

Haya, dogo, njoo ushike mkono wa mashine. Kazi hii ni ya watu wawili, na mnahitaji maneno matatu tu: nenda, simama, rudi. Anayezungusha hatazami bati, anasikiliza. Anayeongoza ndiye mwenye macho.

Tunaanza na nguzo, katikati ya mchoro, halafu tutakwenda nje. Naweka mwanzo wa mstari chini ya dume, nakaza skrubu mpaka dume linagusa, naongeza robo mzunguko. Nenda. Taratibu. Tazama mikono yangu: sisukumi, sivuti, rola inalichukua bati yenyewe. Kazi yangu ni kulielekeza tu. Macho hayako kwenye rola, yako sentimita 2 au 3 mbele yake. Ukitazama rola unaona kosa likiwa limeshatokea. Simama.

Mpito huu wa kwanza umeacha alama tu, kama njia. Ndivyo inavyotakiwa. Ukipotoka milimita moja sasa hivi, nyundo ya mpira inafuta. Ukikaza yote kwa mara moja, hakuna wa kukusaidia. Kwa mpito wa pili rola itafuata njia yenyewe, tunaongeza nusu mzunguko. Rudi. Wa tatu, nusu nyingine. Kwa geji 20 mimi naishia hapo. Kina cha milimita 4 kinatosha macho na kinatosha ugumu; shika bati hapa ulitikise, lile lililokuwa linalegea sasa limesimama. Wanaotengeneza tranka za wanafunzi wa bweni wanalijua hili, ndiyo maana tranka ina mistari. Mapipa ya mafuta nayo vivyo hivyo. Na Citroën walitengeneza gari la mizigo la aina ya H, kuanzia 1947 hadi 1981, bodi yake mbavu tupu, bati jembamba lisilopinda ovyo.

Nyaya zinafuata mtindo ule ule, ila kila ukikaribia ncha, sentimita 2 za mwisho, mimi nalegeza skrubu kidogo kidogo huku dogo anazungusha. Tuta linazama polepole badala ya kukatika. Ncha iliyokatika ghafla ndiyo inayozaa lile tumbo. Piga mpito wa kwanza kwa nyaya zote, ndipo urudi kwa mpito wa pili kwa zote. Ukimaliza waya mmoja kabisa, bati litapinda na mistari iliyobaki haitakuwa imenyooka tena.

Limetoka. Lina kamgongo kidogo, ni kawaida. Lilaze mezani, mgongo juu, ugonge kwa nyundo ya mpira karibu na ncha, siyo juu ya tuta. Pakiendelea kupiga "tok", bati la hapo limezidi: kunja ukingo kwanza, nyuzi 90, ule ukunjo peke yake unakaza bati na mara nyingi "tok" inakufa. Isipokufa ndipo ufikirie kupasha moto doa dogo na kulipoza kwa kitambaa chenye maji.

Safisha kwa thina, piga prima siku hiyo hiyo, mbele na nyuma. Unyevu wa ziwa haukusubiri. Usijaze putti kwenye mabega ya matuta, italiwa na mtikisiko wa barabara.

Kwa mlango wa kushoto tumia manila hii hii, safari hii bila kuigeuza. Na andika juu yake kwa maka peni ulikaza kiasi gani kila mpito, robo, nusu, nusu, ili milango miwili iwe na kina kimoja.